Ombi la Hataza Lililokwama: Dalili, Sababu na Namna ya Kulikwamua

Ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia uvumbuzi wake usitumiwe na wengine bila idhini, huchukua miaka kadhaa kabla ya kukubaliwa au kukataliwa, na kwa muda huo wote mwombaji aliye Mombasa haoni chochote isipokuwa barua chache, risiti, na maneno mawili matatu yanayoonyesha hali ya ombi kwenye rejista. Kosa dogo la siku ya kwanza, kama vile namba ya sanduku la posta iliyokosewa au tarehe iliyosomwa kinyume, linaweza kulala ndani ya faili bila kutambuliwa hadi siku ambayo haki imekwisha kupotea. Kwa nilivyoona mimi, ombi likikwama, mahali pa kwanza pa kutazama ni tarehe, anwani, na fedha iliyolipwa bila kufungamanishwa na namba ya faili. Udhaifu wa uvumbuzi wenyewe uchunguzwe baada ya hayo matatu.

Mwongozo huu unawahusu makarani wa ofisi za mawakala, maafisa wa vyuo na taasisi za utafiti za Pwani, na mvumbuzi anayeisimamia faili yake mwenyewe. Kila sehemu inaanza na dalili inayoonekana, kisha inarudi nyuma kutafuta chanzo. Panapohitajika mfano, tutatumia ombi la mashine ya kufua nazi iliyobuniwa katika karakana moja ya Changamwe, lililowasilishwa Nairobi katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya (KIPI) tarehe 31 Agosti 2023. Mashine ni ya kubuni, lakini hesabu za kalenda ni za kweli.

Kabla ya kutafuta kosa

Toa karatasi halisi kwenye faili. Usianze na jedwali la kompyuta, kwa kuwa jedwali hujazwa na mtu, na huenda ndilo lenye kosa unalolitafuta. Unachohitaji ni barua ya kupokelewa kwa ombi, risiti zote, barua zote za ofisi ya hataza pamoja na bahasha au barua pepe zilizokuja nazo, na kama ombi limekwisha kuchapishwa, ukurasa wake wa mbele.

Ukurasa huo wa mbele una namba ndogo ndani ya mabano, na namba hizo zina maana ileile katika nchi zote, kwa hiyo hata hati iliyoandikwa Kichina inasomeka kwa kiasi fulani. Namba (21) ni namba ya ombi na (22) ni tarehe ya kuwasilisha. Namba (31), (32) na (33) hutaja ombi la awali linalodaiwa kipaumbele, yaani haki ya ombi la baadaye kuhesabiwa kwa tarehe ya lile la kwanza: namba ya hilo la awali, tarehe yake na nchi yake. Namba (43) ni tarehe ya kuchapishwa kwa ombi, (54) ni jina la uvumbuzi, (71) ni mwombaji, (72) ni mvumbuzi na (74) ni wakala. Linganisha kila moja na jedwali lako kabla ya kumpigia mtu simu. Tarehe zilizotoka Marekani zisomwe kwa uangalifu zaidi, kwa sababu Wamarekani hutanguliza mwezi: 04/05/2024 ya kwao ni Aprili 5, wakati karani wetu atasoma Mei 4, na huo ni mwezi mzima uliopotea bila mtu kushtuka.

Dalili: ombi liko kimya

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Mzee fundi anapiga simu na kuuliza, "Mwanangu, faili yangu imefia wapi?" Mara nyingi jibu la kweli ni, "Haijafa, mzee, lakini ngoja niitazame kabla sijakuhakikishia." Kimya kina sababu za aina mbili, kimya cha kawaida na kimya cha hatari, na kwa nje aina hizo mbili zinafanana.

Kimya cha kawaida ni kile cha miezi 18 ya mwanzo. Ombi huchapishwa baada ya miezi 18 kuanzia tarehe ya kuwasilisha, au tarehe ya kipaumbele ikiwa kipo, na kabla ya hapo ofisi hailionyeshi ombi hadharani. Kwa mashine yetu, muda huo ulikwisha tarehe 28 Februari 2025. Katika kipindi hicho ofisi hukagua kama ombi limetimiza masharti ya umbo: fomu zimejazwa, michoro inasomeka, ada imelipwa, na hati ya kumteua wakala imetiwa saini. Ikiwa ukaguzi huo umekamilika na hakuna barua ya kasoro, kungojea ni sawa.

Kimya cha hatari huanza pale ambapo ofisi inamngoja mwombaji na mwombaji anaingoja ofisi. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, uchunguzi wa kina, yaani ule wa kupima kama uvumbuzi ni mpya na una hatua ya kivumbuzi (si jambo ambalo fundi wa fani hiyo angelifikia kwa urahisi), hauanzi wenyewe. Ni lazima mwombaji auombe na kuulipia ndani ya miaka 3 tangu tarehe ya kuwasilisha. Asipoomba, ombi huhesabiwa kuwa limeachwa. Kwa mashine yetu, siku ya mwisho ni 31 Agosti 2026. Watu wengi hudhani kwamba ada waliyolipa mwanzoni ilijumuisha uchunguzi, na dhana hiyo hudumu kwa sababu hakuna kinachoikanusha hadi muda umepita. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu faili iliyo kimya ni hili: je, ombi la uchunguzi limo ndani ya faili, likiwa na muhuri wa kupokelewa? Kama halimo, usiendelee kutafuta sababu nyingine, lipeleke.

Sababu ya pili ya kimya cha hatari ni anwani. Ofisi hutuma barua kwa anwani iliyosajiliwa, na ikisajiliwa ya wakala, hutuma kwa wakala huyo hata kama mwombaji alimwacha zamani. Ofisi za Barabara ya Nkrumah na Moi Avenue huhama, hugawanyika na kubadilisha majina, na sanduku la posta huachwa nyuma. Mabadiliko ya wakala au anwani hayana nguvu mbele ya ofisi ya hataza mpaka yaandikishwe, na barua pepe ya kirafiki kwa afisa unayemfahamu haitoshi. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba badiliko limeingizwa, kisha uliza kama kuna barua iliyotumwa kwa anwani ya zamani ambayo muda wake wa kujibu bado haujaisha.

Ikiwa uchunguzi umeombwa, anwani ni sahihi na ada zote zimelipwa, basi ombi liko kwenye foleni ya mchunguzi. Barua fupi ya kuulizia hali, yenye namba ya ombi na tarehe ya kuomba uchunguzi, haina ubaya. Kuulizia kila wiki hakuisogezi foleni.

Dalili: namba ya ombi haipatikani kwenye hifadhidata

Hakikisha kwanza kwamba miezi 18 imepita. Kama imepita, tazama namna ulivyoiandika namba. Ombi la kitaifa la Kenya huanza na KE/P na mwaka. La ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu la Afrika lenye makao Harare, huanza na AP/P na mwaka. La kimataifa, chini ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza (PCT), huandikwa PCT/KE, mwaka wa tarakimu 4, mkwaju, kisha tarakimu 6. Baada ya kuchapishwa, ombi la kimataifa hupata namba nyingine inayoanza na WO, na namba hizo mbili hazifanani hata kidogo. Mtu anayetafuta kwa namba ya PCT katika sehemu iliyokusudiwa namba ya WO ataambiwa hakuna kitu. Vilevile, sufuri zilizoachwa katikati hutosha kuificha faili.

Ukitafuta kwa jina, kumbuka majina ya Pwani. Mtu mmoja anaweza kuwa Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye pasipoti na Mohammed kwenye fomu ya wakala. Abdalla huandikwa pia Abdallah na Abdullah, na Athman hugeuka Athumani au Othman kulingana na aliyeshika kalamu. Hifadhidata nyingi pia huchukua jina la mwisho kuwa la ukoo, jambo linalovuruga majina yetu ya mtoto, baba na babu. Jaribu tahajia zote, kisha tafuta kwa jina la uvumbuzi au kwa mwombaji badala ya mvumbuzi: mhadhiri aliyebuni kitu kazini atakuwa kwenye (72), lakini chuo kikuu ndicho kitakuwa kwenye (71). Utakapoipata tahajia iliyosajiliwa, iandike kwenye jalada la faili kwa herufi kubwa, na kama si ile ya kitambulisho, irekebishwe mapema, kwa sababu cheti kitatolewa kwa jina lililo kwenye rejista.

Dalili: watu wawili wamepata siku mbili tofauti za mwisho

Hapa pana mambo mengi, na hapa ndipo faili nzuri huharibikia. Karani na wakala wakipata tarehe tofauti kwa muda mmoja, msichague iliyo mbele ili kupata nafasi. Tafuteni kwa nini zimetofautiana.

Chanzo kimoja ni kuchanganya miezi na siku. Barua inayosema siku 90 haisemi miezi 3. Ukihesabu kutoka Julai 1, siku 90 zinaishia Septemba 29, lakini miezi 3 inaishia Oktoba 1. Soma neno lililotumika kwenye barua yenyewe, na hesabu kama lilivyo.

Chanzo cha pili ni kuhesabu kwa kuruka kutoka tarehe iliyokwisha kuhesabiwa. Chini ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao Kenya iliingia mwaka 1994, muda wa miezi huisha tarehe ileile ya mwezi unaohusika, na kama mwezi huo hauna tarehe hiyo, huisha siku yake ya mwisho. Chukua 31 Agosti 2023, ongeza miezi 6, utapata 29 Februari 2024. Ukiongeza miezi 6 mingine kutoka hapo utapata 29 Agosti 2024, ilhali miezi 12 kutoka mwanzo ni 31 Agosti 2024. Siku 2 zimepotea kwa hesabu tu. Kila muda uhesabiwe upya kutoka kwenye tarehe ya asili, na tarehe hiyo ya asili iandikwe kando ya kila siku ya mwisho kwenye jedwali.

Chanzo cha tatu kinatokana na cha pili, na ni kibaya zaidi. Tarehe 31 Agosti 2024 ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo mwenye mashine yetu aliyetaka kupeleka ombi la kimataifa kwa kudai kipaumbele angeruhusiwa kufanya hivyo hadi Jumatatu, 2 Septemba 2024. Tuseme alipeleka Jumatatu hiyo. Karani asiye mwangalifu ataandika kwamba miezi 30 ya kuingia hatua ya kitaifa, yaani kulipeleka ombi la kimataifa katika kila nchi inayotakiwa, inahesabiwa kutoka 2 Septemba. Sivyo. Inahesabiwa kutoka tarehe ya kipaumbele, yaani 31 Agosti 2023, na inaishia 28 Februari 2026. Hiyo nayo ni Jumamosi, lakini ofisi inayotegemea Jumatatu mara mbili katika faili moja inacheza na moto.

Chanzo cha nne ni sikukuu. Sheria ya Kenya ya Ufafanuzi na Masharti ya Jumla, Sura ya 2, inasema kwamba siku ya mwisho ikiangukia Jumapili, sikukuu ya taifa au siku isiyo ya kazi serikalini, muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa watu wa Mombasa, Idd-ul-Fitr ndiyo inayosumbua: siku yake hutegemea kuandama kwa mwezi na tangazo kwenye Gazeti Rasmi, kwa hiyo haiwezi kupangwa mwaka mmoja kabla kama Madaraka au Jamhuri. Tena, sikukuu ya Kenya haifungi ofisi ya ARIPO kule Harare wala ya WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, kule Geneva. Kwa upande mwingine, Zimbabwe huadhimisha Siku ya Mashujaa Jumatatu ya pili ya Agosti na siku ya vikosi vya ulinzi Jumanne yake, na mtu wa Mombasa anayepiga simu ARIPO siku hizo atadhani ameachwa. Jedwali linalosimamia maombi ya ofisi tatu linahitaji kalenda tatu.

Chanzo cha tano ni saa. Ombi la kimataifa linalopelekwa moja kwa moja kwa WIPO hupewa tarehe ya Geneva. Mnamo Septemba Geneva iko nyuma yetu kwa saa 1, na wakati wa baridi kwa saa 2. Harare iko nyuma kwa saa 1 mwaka mzima. Ombi lililotumwa kutoka Mombasa dakika 40 baada ya saa sita usiku, tarehe 3 Septemba 2024, lilifika Geneva ikiwa bado tarehe 2, kwa hiyo ndani ya muda. Likipelekwa KIPI kwa saa hiyohiyo, limechelewa. Pia, kwenye shajara ya ofisi chagua mtindo mmoja wa saa: "saa 11" iliyoandikwa na mmoja akimaanisha jioni, na kusomwa na mwingine kama tarakimu 11 za kompyuta, imewahi kuwakosesha watu usingizi.

Na ikiwa intaneti yenyewe ndiyo iliyokatika? Nyaya nyingi za baharini zinazoihudumia Afrika Mashariki hutia nanga hapa Mombasa, na Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, mawasiliano yalizorota katika nchi kadhaa. Kanuni za PCT zinaruhusu kuchelewa kusamehewa kwa sababu ya kukosekana kwa mawasiliano ya kielektroniki kwa jumla, mradi ushahidi upelekwe na kitendo kifanywe mapema iwezekanavyo, kisipite miezi 6 tangu muda ulipoisha. Tahadhari: msamaha huo haugusi miezi 12 ya kipaumbele, wala miezi 30 ya kuingia hatua ya kitaifa. Hifadhi tangazo la mtoa huduma lenye tarehe, usitegemee kumbukumbu ya kwamba "mtandao ulikuwa chini".

Dalili: ada imelipwa, lakini rejista inasema ombi limeachwa

Uliza kwanza ni ada gani iliyolipwa. Ada ya kuwasilisha, ya kuchapisha, ya uchunguzi na ya mwaka ni vitu vinne, na risiti ya kimoja haikombolei kingine. Inayosahauliwa mno ni ada ya mwaka, kwa sababu watu hudhani huanza baada ya hataza kutolewa. Nchini Kenya huanza mwaka 1 baada ya tarehe ya kuwasilisha, wakati ombi bado liko njiani, na hulipwa kabla ya mwaka unaohusika. Kuna muda wa huruma wa miezi 6 pamoja na nyongeza ya malipo. Mwenye mashine yetu alidaiwa ada ya kwanza ya mwaka mwishoni mwa Agosti 2024, kipindi kilekile alichokuwa akihangaika na ombi la kimataifa. Katika hali kama hiyo ada ya mwaka husahauliwa kwa urahisi.

Kama ada iliyolipwa ndiyo hasa, fuata fedha. Malipo ya huduma za serikali sasa hupitia eCitizen, na risiti inayotoka huko huthibitisha kwamba fedha imepokelewa. Kufungamanishwa kwake na namba yako ya ombi ni hatua ya pili. Tazama namba ya ankara: je, ilitolewa kwa namba ya ombi hili, au kwa ombi lingine la mteja yuleyule? Ofisi iliyolipia faili kadhaa kwa mkupuo hupata tatizo hili kuliko mvumbuzi mmoja aliyelipa kwa simu yake. Peleka barua yenye nakala ya risiti, ankara na namba ya ombi, ukiomba rejista irekebishwe, na uipeleke upesi kabla miezi 6 ya huruma haijakwisha, ili kwamba ikibidi kulipa upya uweze kulipa.

Sababu ya tatu ni kwamba rejista haijasasishwa. Ofisi nyingi za Afrika hutumia mfumo wa IPAS uliotengenezwa na WIPO, na hali ya ombi humo hubadilika pale afisa anapoingiza kitendo, ambayo si lazima iwe siku uliyofanya kitendo chenyewe. Hifadhidata za kimataifa zinazokusanya hali za kisheria kutoka nchi mbalimbali huwa nyuma zaidi. Usimwambie mteja ombi limekufa kwa kusoma hifadhidata ya nchi nyingine. Uliza ofisi yenye faili.

Dalili: kipaumbele hakitambuliwi

Haki ya kipaumbele inatokana na Mkataba wa Paris wa 1883, na muda wake kwa hataza ni miezi 12. Ikikataliwa, linganisha (31), (32) na (33) na barua ya kwanza ya kupokelewa. Kosa la tarakimu moja kwenye namba ya ombi la awali linatosha. Katika ombi la kimataifa, dai la kipaumbele linaweza kusahihishwa au kuongezwa kwa kawaida ndani ya miezi 16 tangu tarehe ya kipaumbele. Kama miezi 12 yenyewe ilipita kabla ya kuwasilisha, bado unaweza kuomba haki irejeshwe ndani ya miezi 2 inayofuata, ukieleza kwamba ulichukua tahadhari iliyostahili au kwamba hukukusudia kuchelewa. Si kila nchi itakayokubali urejeshaji huo, na mteja aelezwe hivyo kabla ya kulipa.

Inafaa kutaja pia kasoro inayodhaniwa kuwa ya kipaumbele na kumbe ni ya upya. Mvumbuzi alionyesha mashine yake kwenye maonyesho ya kilimo ya Mkomani, video ikasambaa, kisha akawasilisha ombi. Sheria ya Kenya humvumilia ikiwa yeye mwenyewe ndiye aliyefichua ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha. Nchi nyingi hazina uvumilivu huo. Kwa hiyo tarehe ya kuonyeshwa hadharani mara ya kwanza iwe na safu yake kwenye jedwali, hata kama ofisi haikuiuliza.

Dalili: ripoti ya mchunguzi inajadili madai usiyoyatambua

Madai ni vifungu vya ombi vinavyotaja kile hasa mwombaji anachotaka kilindwe. Mchunguzi anaandika kuhusu dai la 4 lenye chemchemi ya kurudisha kisu, na wewe dai lako la 4 ni la fremu. Kabla ya kumlaumu, fungua folda. Yaelekea utakuta "madai ya mwisho", "madai ya mwisho kabisa" na "madai ya mwisho - sahihi", na hakuna hata moja lenye tarehe ya kuwasilishwa. Mchunguzi husoma toleo lililopokelewa na ofisi kwa muhuri. Toleo lililobaki kwenye kompyuta yako halijulikani kwake. Tatizo hili huzidi katika maombi ya PCT, kwa kuwa madai yanaweza kubadilishwa Geneva baada ya ripoti ya utafutaji, yaani orodha ya hati za awali zinazokaribiana na uvumbuzi, kisha mtu akaingia hatua ya kitaifa akiambatisha madai ya zamani. Kila toleo lipewe jina lenye tarehe ya kupelekwa na ofisi iliyolipokea, na barua ya jibu itaje waziwazi toleo linalopaswa kuchunguzwa.

Ukishajua toleo ni lipi, soma herufi zilizo kando ya hati zilizotajwa katika ripoti ya utafutaji. X maana yake hati hiyo peke yake inatosha kuondoa upya au hatua ya kivumbuzi. Y ina nguvu ikiunganishwa na nyingine. A ni ya kueleza tu hali ya fani, na mteja asitishwe nayo. P ni ya iliyochapishwa kati ya tarehe ya kipaumbele na tarehe ya kuwasilisha, na hapo ndipo utajua thamani ya kuwa na kipaumbele kilichoandikwa sawasawa. Ikiwa mchunguzi anasema ombi lina uvumbuzi zaidi ya mmoja, kwa mfano mashine ya kufua na namna ya kukausha makumbi, sehemu ya pili inaweza kutengwa katika ombi lililogawanywa linalobaki na tarehe ya awali.

Jibu lolote lisiongeze kitu ambacho hakikuwemo katika maelezo ya siku ya kwanza. Mvumbuzi ambaye ameiboresha mashine tangu wakati huo atataka kuingiza maboresho hayo. Hayo ni ombi jipya. Muda wa kujibu ni ule ulioandikwa kwenye barua, na kama utahitaji kuongezewa, uombwe kabla haujaisha.

Dalili: ombi la kimataifa limekamilika, lakini hakuna hataza

Hakuna hataza ya dunia nzima. Ombi la PCT huhifadhi nafasi, kisha mwombaji huingia katika kila nchi au eneo anakotaka ulinzi: miezi 30 kwa Kenya, miezi 31 kwa ARIPO, yote kutoka tarehe ya kipaumbele. Anayengoja cheti kutoka Geneva atangoja hadi muda upite.

Kwa upande wa ARIPO, chini ya Itifaki ya Harare ya 1982, ofisi hiyo huchunguza kwa niaba ya nchi zilizoteuliwa, na kila nchi hupewa miezi 6 kusema kwamba hataza haitakuwa na nguvu kwake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na barua ya Harare ya kukubaliwa na bado nchi moja ikakataa. Fungua safu moja kwa kila nchi iliyoteuliwa. Ada za mwaka za hataza ya ARIPO hulipwa Harare. Kuzipeleka Nairobi ni kulipa mahali pasipodaiwa.

Dalili: barua ya kudai malipo kutoka kusikojulikana

Majuma machache baada ya ombi la kimataifa kuchapishwa, mwombaji hupata barua yenye nembo ya kupendeza, jina linalofanana na la shirika la kimataifa, namba yake sahihi ya WO, jina la uvumbuzi, na kiasi kikubwa cha dola kinachodaiwa kuwa cha "kusajili" au "kuchapisha". WIPO imekuwa ikiwaonya waombaji kuhusu barua hizi kwa miaka mingi. Maelezo yote yaliyomo yamenakiliwa kutoka ukurasa wa mbele ulio wazi kwa kila mtu, kwa hiyo usahihi wake si ushahidi wa uhalali.

Hakiki mambo mawili. Kuchapishwa kwa ombi la kimataifa hufanywa na WIPO peke yake na hakuna ada ya ziada inayotozwa baada ya hapo kwa kuchapisha. Pili, mwombaji mwenye wakala aliyesajiliwa kwenye (74) hapaswi kupokea madai ya ada nyumbani kwake Jomvu au Likoni yakiwa yamempita wakala huyo. Mwambie mteja mapema, siku ile ombi linapopelekwa, kwamba barua za namna hii zitakuja, na kwamba kila ankara iletwe ofisini kabla ya kulipwa. Akiwa amekwisha kulipa, ajulishe benki yake siku hiyohiyo na apeleke nakala ya barua kwa WIPO, kisha karani ahakikishe kwamba ada halisi inayodaiwa mwezi huo haikuachwa kwa kudhaniwa kuwa ndiyo iliyokwisha kulipwa.